Wito wa Kusasisha na Suala la Imani: Historia ya Usalama wa Pochi za Bitcoin, 2011–2020

Mnamo Desemba 2018, watu waliokuwa wakitumia programu ya Electrum kutunza na kutuma Bitcoin walianza kukutana na jambo lisilo la kawaida. Walipobonyeza kitufe cha kutuma, muamala ulikataliwa, na likatokea dirisha lililowaarifu kwamba toleo walilonalo lina kasoro ya kiusalama, hivyo hawana budi kupakua toleo jipya kupitia kiungo kilichowekwa papo hapo. Dirisha hilo lilikuwa la Electrum yenyewe. Wengi walifanya kile ambacho kila mwongozo wa usalama wa kompyuta umekuwa ukiwausia kwa miaka mingi: wakasasisha. Programu waliyoipakua ilipofunguka iliwadai namba ya uthibitisho, na walipoiingiza, akiba yao yote ikahamishwa kwenda kwenye anwani za wezi. Ndani ya siku chache zaidi ya Bitcoin 200 zilikuwa zimekwisha kuibwa. Waliopuuza wito ule, ama kwa uvivu ama kwa mashaka, walibaki na fedha zao.

Tukio hilo ndilo lililozaa swali la makala haya. Maandiko mengi kuhusu usalama wa sarafu za kidijitali hujengwa juu ya dhana kwamba anayeibiwa ni mzembe: hakusasisha programu, hakutunza nywila, hakusoma maelekezo. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini inapowekwa mbele ya kumbukumbu za miaka kumi ya mwanzo ya Bitcoin inapwaya. Makala haya yanadai kwamba suala gumu katika historia ya pochi halikuwa kama mtumiaji anasasisha au hasasishi. Lilikuwa ni nani anayemwambia asasishe, kwa njia gani, na mtumiaji ana uwezo gani wa kujua kwamba msemaji ni yule anayejitambulisha kuwa ndiye.

Kilichomo ndani ya pochi

Neno pochi lenyewe linapotosha kidogo. Pochi ya ngozi hubeba noti. Pochi ya Bitcoin haibebi sarafu yoyote. Kilichomo ndani yake ni ufunguo wa siri, yaani namba kubwa mno ambayo kwayo mwenyewe hutia saini kila muamala, ilhali rekodi ya nani anamiliki nini imo katika daftari la pamoja linalonakiliwa na maelfu ya kompyuta duniani. Mbele ya daftari hilo, anayeijua namba ndiye mwenye mali. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, ana uzoefu ulio kinyume cha huo. Huko daftari liko mikononi mwa kampuni. Namba ya siri ikisahaulika huwekwa nyingine, na muamala uliokosewa unaweza, angalau kinadharia, kurudishwa. Programu ya simu ikichakaa, fedha haziendi popote, kwa sababu hazikutegemea programu ile. Katika Bitcoin mambo hayako hivyo. Programu ndiyo inayoushika ufunguo wakati wa kutia saini, na kwa hiyo yeyote anayeweza kuibadili programu anaweza kuuchukua ufunguo. Kila toleo jipya linalowekwa kwenye kompyuta au simu ni sawa na kumkabidhi fundi funguo za nyumba upya, hata kama fundi huyo alishawahi kuja mara kumi na hakuiba kitu.

Faili moja lisilofungwa

Programu ya kwanza ya Bitcoin, iliyotolewa Januari 2009 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, iliandika funguo zote katika faili moja lililoitwa wallet.dat, bila kulisimba. Kwa muda jambo hilo halikuwasumbua wengi, kwa kuwa sarafu zenyewe hazikuwa na thamani ya kumshawishi mwizi. Juni 2011, bei ilipopanda hadi karibu dola 30 kwa sarafu moja, hali ilibadilika ghafla. Mtumiaji mmoja alitangaza kwamba Bitcoin 25,000 zimechukuliwa kutoka kwenye kompyuta yake. Mwezi huohuo kampuni ya Symantec ilieleza kuhusu programu hasidi iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kulitafuta faili la wallet.dat na kulituma kwa mwizi.

Jibu la watengenezaji lilikuwa toleo namba 0.4.0, lililotoka Septemba 2011, ambalo kwa mara ya kwanza lilimwezesha mtumiaji kulifunga faili lake kwa nywila. Hapa ndipo historia inapoanza kufundisha kitu. Muda mfupi baadaye iligundulika kwamba toleo hilo halikuwa likifuta kikamilifu: baadhi ya funguo zilizokuwa wazi kabla ya kusimbwa zilibaki ndani ya faili lilelile, zikisomeka na yeyote mwenye ujuzi wa kuzitafuta. Marekebisho yalitolewa Novemba mwaka huohuo katika toleo namba 0.5.0. Mtu aliyesasisha Septemba na kuridhika alikuwa na nywila mlangoni na dirisha lililo wazi. Tena, kusimba faili kulizalisha akiba mpya ya funguo, hivyo nakala za akiba zilizochukuliwa kabla ya hapo hazikuwa na funguo ambazo zingetumika baadaye. Aliyesasisha bila kuchukua nakala mpya aliondoa hatari ya kuibiwa akajiwekea hatari ya kupoteza.

Tatizo la nakala ndilo lililofungua njia kwa Electrum, iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin Novemba 2011. Badala ya kuhifadhi funguo nyingi zisizohusiana, Electrum ilizalisha funguo zote kutoka katika mbegu moja, na mbegu hiyo iliandikwa kama maneno 12 ya kawaida ya Kiingereza. Orodha ya awali ilikuwa na maneno 1,626, yaliyochukuliwa kutoka katika orodha ya maneno yanayotumika mara nyingi kwenye ushairi wa kisasa wa lugha hiyo. Mwenye maneno yake kwenye karatasi hakuhitaji tena kuogopa kompyuta kuungua. Mwaka 2013 wazo hilo lilipata sura ya kiwango cha pamoja kinachojulikana kama BIP39, chenye orodha ya maneno 2,048 yaliyoteuliwa kwa namna ambayo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno.

Inafaa kutua hapa kidogo, ingawa ni nje kidogo ya mstari wa hoja. Orodha rasmi za BIP39 zipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Mtumiaji wa Mwanza au Mombasa huandika mali yake kwa maneno ya lugha ambayo pengine haitumii nyumbani, na herufi moja ikikosewa katika kunakili, anayekuja kuyasoma baada ya miaka, yamkini mjane au mtoto wake, hana sikio la lugha la kumsaidia kubahatisha neno lililokusudiwa. Wataalamu wa lugha wamejadili sana istilahi za teknolojia. Suala la Kiswahili kama chombo cha kutunzia ufunguo halijapewa nafasi linayostahili.

Pale ambapo kusasisha hakukutosha

Tarehe 11 Agosti 2013 tovuti ya bitcoin.org ilitoa tahadhari kwamba pochi zote zilizozalisha funguo ndani ya simu za Android ziko hatarini. Kosa halikuwa la watengenezaji wa pochi. Lilikuwa ndani ya Android yenyewe, katika sehemu inayotoa namba za nasibu. Kila saini ya Bitcoin huhitaji namba ya namna hiyo ambayo haipaswi kurudiwa. Namba ileile ikitumika mara mbili kwa ufunguo mmoja, mtu mwenye ujuzi wa hesabu anaweza kuzichukua saini hizo mbili kutoka kwenye daftari la pamoja, lililo wazi kwa wote, akaukokotoa ufunguo wa siri bila kuigusa simu ya mwenyewe. Wizi wa namna hiyo ulikuwa umeshaanza.

Maelekezo yaliyotolewa yanastahili kusomwa kwa makini. Mtumiaji aliambiwa asasishe programu, kisha atengeneze anwani mpya kwa kutumia programu iliyorekebishwa, kisha ajitumie mwenyewe fedha zake zote kwenda kwenye anwani hiyo. Hatua ya kwanza pekee haikuwa na maana. Toleo jipya lilirekebisha programu, lakini halikuweza kurekebisha funguo ambazo programu mbovu ilikwisha kuzizaa. Kwa mujibu wa fikra ya kawaida, programu ikishasasishwa hatari imepita. Tukio la 2013 linaonesha kwamba hatari inaweza kuishi ndani ya ufunguo hata baada ya programu kupona. Baadhi ya pochi zilijaribu kuwarahisishia watumiaji kwa kuhamisha fedha zenyewe baada ya sasisho. Lakini aliyekuwa na nakala ya ufunguo wa zamani kwenye karatasi, na akaendelea kuipa nakala hiyo watu wamlipe, alikuwa akipokea malipo kwenye nyumba yenye mlango uliovunjwa.

Mwaka 2018

Mwaka 2018 ulikusanya matukio matatu ambayo, yakitazamwa pamoja, yanabadili namna ya kulielewa suala zima.

La kwanza lilitokea Januari. Ilibainika kwamba Electrum, ikiwa inaendeshwa bila nywila, ilikuwa ikisikiliza amri kutoka katika kompyuta ileile bila kuuliza nani anaamuru. Tovuti yoyote iliyofunguliwa kwenye kivinjari wakati huo ingeweza kuiamuru pochi itoe siri zake. Udhaifu huo ulikuwa umeripotiwa tangu Novemba 2017, lakini uzito wake haukutambuliwa mpaka Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alipoufufua mjadala. Toleo 3.0.5 likatolewa kwa haraka. Kwa upande wa ufundi, kazi ilikwisha hapo. Kwa upande wa historia, tukio liliacha pengo wazi: Electrum haikuwa na njia ya uhakika ya kumfikia kila mtumiaji wake. Habari za hatari zilienea kwa tovuti, mitandao ya kijamii na mdomo, na watumiaji wakajifunza kwamba ujumbe wa dharura wa kusasisha ni jambo la kawaida, linaloweza kuja wakati wowote na kutoka upande wowote.

La pili lilijulikana Novemba na lilihusu pochi iitwayo Copay. Programu za leo hazitungwi zote na waandishi wake. Huunganishwa kwa vipande vya msimbo huria vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo navyo hutegemea vipande vingine. Kimoja cha vipande hivyo, event-stream, kilikuwa kikipakuliwa takribani mara milioni mbili kwa wiki na kilitunzwa na mtu mmoja aliyekuwa akijitolea bila malipo, naye alikuwa amekichoka. Mgeni alipojitokeza kusaidia, akakabidhiwa. Mgeni huyo aliingiza ndani yake kipande kingine chenye sumu iliyolala, isiyoamka mahali popote isipokuwa ndani ya Copay, na hata humo ililenga wenye zaidi ya Bitcoin 100 au Bitcoin Cash 1,000. Matoleo ya Copay kuanzia 5.0.2 hadi 5.1.0 yalitoka rasmi yakiwa na sumu hiyo ndani. Watumiaji walielekezwa kuhamia toleo 5.2.0, na hapa tena, kama mwaka 2013, wakaambiwa wazichukulie funguo zao za zamani kuwa zimevuja na wahamishe fedha.

Tukio hili linaumiza kichwa kuliko jingine lolote katika kipindi tunachokijadili. Tangu mwaka 2011 watengenezaji wa Bitcoin walikuwa na utaratibu ambapo watu kadhaa, kila mmoja kwenye kompyuta yake, hutengeneza programu kutoka katika msimbo uleule na kulinganisha matokeo, ili mtu mmoja asiweze kupenyeza kitu. Utaratibu huo ni mzuri, na makala haya hayaudharau. Lakini katika suala la Copay usingesaidia. Sumu ilikuwa ndani ya msimbo wenyewe, ulio wazi kwa kila mtu. Wote wangetengeneza programu ileile yenye sumu ileile na kukubaliana kwamba ni sahihi. Mtumiaji aliyesasisha kutoka chanzo rasmi, siku ileile toleo lilipotoka, alikuwa katika hatari kubwa kuliko jirani yake aliyechelewa.

La tatu ni lile la Desemba lililofungua makala haya, na sasa tunaweza kulieleza kwa undani. Electrum ni pochi nyepesi: haihifadhi daftari zima, bali huuliza seva zinazolihifadhi. Mtu yeyote anaweza kuendesha seva ya namna hiyo, na uhuru huo ulikusudiwa kuwa sifa njema, kwa maana hakuna seva moja inayoweza kuwahodhi watumiaji. Seva haiwezi kuiba, kwa kuwa haina ufunguo. Inaweza, hata hivyo, kuukataa muamala na kurudisha maelezo ya sababu, na Electrum iliyaonesha maelezo hayo kwa mtumiaji kama yalivyokuja, hata yakiwa na mapambo na viungo. Wezi walianzisha seva nyingi ili kila mtumiaji awe na uwezekano mkubwa wa kuangukia moja yao, kisha wakaandika katika nafasi ya sababu ya kukataliwa wito wa kupakua toleo jipya. Hawakuvunja usimbaji wowote wala hawakuupenyeza msimbo wa Electrum. Waliazima sauti yake tu.

Ni kweli kwamba kinga ilikuwapo. Faili za Electrum hutiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji wake, na aliyeikagua saini hiyo kabla ya kufungua programu asingedanganyika. Lakini kuikagua kulihitaji programu nyingine, ufunguo wa umma wa Voegtlin uliopatikana kwa njia ya kuaminika, na amri chache ambazo mtu asiye fundi wa kompyuta huziona kama maandishi ya jadi ya watu wengine. Mwandishi wa makala haya anaona si haki kuuita uzembe kule kushindwa kupita katika njia ambayo watengenezaji wenyewe hawakuwa wameisawazisha.

Nguvu ya kulazimisha

Toleo 3.3.2 liliondoa mapambo katika ujumbe wa seva, na toleo lililofuata Januari 2019 halikuonesha tena maneno ya seva katika hali hiyo. Tangu mapema mwaka 2019 Electrum ilipata pia njia yake ya kutangaza matoleo mapya, ambapo tangazo lenyewe hutiwa saini kwa ufunguo wa Bitcoin wa mtengenezaji na programu huikagua kabla ya kumwonesha mtumiaji. Ufundi uleule unaothibitisha kwamba fedha ni za fulani ukatumika kuthibitisha kwamba habari ni ya fulani. Programu haijipakui yenyewe. Inaarifu tu, na mtumiaji huamua.

Lakini hayo yote yaliwafaa waliokwisha kusasisha. Walio na matoleo ya zamani waliendelea kuonana na seva za wezi. Machi 2019 watengenezaji walichukua hatua ambayo wanahistoria wa teknolojia wangefaa kuijadili zaidi: walitumia udhaifu mwingine uliokuwa ndani ya matoleo ya zamani ili kuyafanya yashindwe kufanya kazi yanapounganishwa na seva halali. Walidukua, kwa maana fulani, programu yao wenyewe mikononi mwa wateja wao ili kuwazuia wasiibiwe. Mfumo uliojinadi kwamba hauna mwenye mamlaka ya kumlazimisha mtu ulijikuta unalazimisha, na ni vigumu kuwalaumu. Mtu anayemzuia mwenzake kwa nguvu asiingie katika kivuko kinachozama haombi ruhusa. Wezi nao walijibu mwezi uliofuata kwa kuzishambulia seva halali kwa maombi mengi kutoka kwenye kompyuta zaidi ya laki moja zilizotekwa, ili watumiaji wasisikie sauti nyingine isipokuwa ya seva zao.

Hila ile haikufa. Agosti 2020 mtumiaji mmoja alieleza hadharani kwamba alikuwa na Bitcoin 1,400, zenye thamani ya takribani dola milioni 16 wakati huo, ambazo hakuwa amezigusa tangu mwaka 2017. Aliweka toleo la zamani la Electrum, akajaribu kutuma sehemu ya fedha hizo, akakataliwa, akaambiwa asasishe, akasasisha. Zote zilikwenda. Kwa miaka mitatu alikuwa ameutunza ufunguo wake bila dosari. Marekebisho yaliyomhusu yalikuwa yametolewa zaidi ya miezi 18 kabla ya siku hiyo, na seva halali zilikuwa zimeyafungia milango matoleo kama lake. Zilizobaki tayari kumpokea zilikuwa za wezi, na ni kutoka kwao ndiko wito wa kusasisha ulikomfikia.